Kulinda Kompyuta ya Nyumbani Dhidi ya Virusi na Minyoo: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni wa kompyuta ya nyumbani yenye Windows 10 au Windows 11: ile inayotumika kwa hesabu za duka, kazi za shule za watoto na gemu, huku flashi za watu mbalimbali zikiingia na kutoka kila wiki. Hutahitaji kununua chochote isipokuwa diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Fuata mpangilio uliopo hapa, maana hatua moja hutegemea nyingine. Antivirusi haina kazi ikiwa imeamriwa isiiangalie diski C, na nakala ya akiba haina kazi ikiwa inakaa imechomekwa usiku na mchana.

Milango inayotumika

Kirusi hujibandika kwenye faili na kusubiri mtu alifungue. Mnyoo haumsubiri mtu: ukishaingia kompyuta moja huitafuta nyingine wenyewe, kwa mtandao au kwa flashi. Kwa hiyo uangalifu wa kufungua mafaili utakukinga na virusi vingi, ila hautakukinga na mnyoo unaopita kwenye tundu la Windows wakati wewe umelala.

Conficker, mnyoo ulioonekana Novemba 2008, bado unafundisha kuliko mingine kwa sababu ulitumia milango mitatu kwa pamoja. Wa kwanza ulikuwa tundu katika huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili. Microsoft walikuwa wamekwisha kutoa kiraka chake tarehe 23 Oktoba 2008, kwa hiyo mlango huo ulibaki wazi kwa wale tu ambao hawakusasisha. Wa pili ulikuwa nywila nyepesi: mnyoo ulibeba orodha ya nywila zinazotumiwa na wengi na kuzijaribu kwenye kompyuta jirani. Wa tatu ulikuwa flashi. Ulijinakili humo pamoja na faili la autorun.inf, Windows ikaonyesha kitufe cha uongo chenye picha ya folda, na aliyekibofya akidhani anafungua flashi aliuendesha mnyoo kwa mkono wake.

Tarehe 12 Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ulipita tena mlango ule wa kwanza, kwa tundu jingine. Kiraka kilikuwa kimetoka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla, lakini mnyoo ulienea katika nchi zaidi ya 150 na kufunga mafaili ya watu, zikiwemo kompyuta za hospitali za Uingereza, kisha ukadai kikombozi.

Mlango wa nne tunaufungua wenyewe, nao ndio mpana kuliko yote majumbani kwetu: programu za kuvunja leseni. Tunaanza na huo.

Kwanza: hakikisha ulinzi ulionao unafanya kazi

Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender. Kwa kompyuta ya nyumbani inatosha, mradi iwe hai. Si lazima ununue nyingine, na usiweke antivirusi mbili zenye ulinzi wa muda wote, kwani zitagombania kila faili na mashine itakuwa nzito. Ukiweka ya kampuni nyingine, Defender hujizima. Tatizo hutokea pale leseni ya majaribio iliyokuja na laptopu inapokwisha na watu wakaiacha hapo miezi sita, ikionyesha alama yake huku haipokei tena taarifa za virusi vipya. Iondoe kabisa, zima kompyuta na uiwashe, kisha uhakikishe Defender imerudi.

Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya na uchague Terminal au PowerShell yenye neno Admin. Andika:

Get-MpComputerStatus

Katika orodha ndefu itakayotokea, tafuta mistari mitatu. RealTimeProtectionEnabled iwe True. IsTamperProtected iwe True. AntivirusSignatureLastUpdated ionyeshe tarehe ya leo au jana. Ikiwa ni ya wiki mbili zilizopita, kompyuta haivijui virusi vya wiki hizo mbili. Kisha andika:

Get-MpPreference | Select ExclusionPath

Amri hii ya pili wengi hawaifahamu, nayo ndiyo muhimu zaidi. Inaonyesha sehemu ambazo Defender imeambiwa isiziguse. Kwenye kompyuta ya nyumbani jibu linalotakiwa ni tupu, lisitaje folda yoyote. Ukiona C:\ au folda ya programu ya kuvunja leseni, basi alama ya kijani unayoiona kila siku haina maana yoyote, kwa sababu Defender inaruka hapo bila kuangalia. Ondoa hivi:

Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\"

Ruhusa hiyo hutoka wapi? Mara nyingi fundi akikupigia Windows huweka na kifaa cha kuiaktiveti, na maelekezo ya vifaa hivyo karibu yote huanza na sentensi moja: zima antivirusi kwanza. Hapo umeshaizima kinga kwa mikono yako na kuipa programu usiyoijua mamlaka ya msimamizi. Ndani ya kifurushi hicho kunaweza kuwa na mwizi wa nywila, au familia ya virusi ya STOP, ambayo pia huitwa Djvu, inayofunga mafaili na ambayo ilisambazwa kwa miaka mingi kupitia kraki na vifaa vya kuzalisha namba za leseni. Dalili nyingine ni kufungua Windows Security kwenye kompyuta yako binafsi ukakuta maandishi kwamba mipangilio inasimamiwa na ofisi au shirika. Kuna kitu kimeweka sera hiyo, nacho si wewe.

Windows isiyoaktivetiwa inaendelea kupokea masasisho ya usalama. Inachokunyima ni kubadilisha picha ya nyuma na rangi, pamoja na kukuwekea maandishi hafifu pembeni ya skrini. Kati ya maandishi hayo na kraki, vumilia maandishi. Na kama uliweka kraki kwa ajili ya kuandika barua na kutengeneza majedwali, LibreOffice ni ya bure, inafungua mafaili ya Word na Excel, na hupakuliwa kwenye tovuti yake yenyewe. Kwa fundi, omba jambo moja: atumie Windows iliyopakuliwa kwa Media Creation Tool ya Microsoft kwenye flashi ya GB 8, asitumie matoleo yaliyopunguzwa ambayo Defender imeng'olewa humo.

Masasisho, na bando lako

Microsoft hutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki kutegemea majira ya Marekani. Kuanzia hapo watengeneza minyoo nao hukifungua kiraka na kusoma tundu lilikuwa wapi. Ndiyo maana kuchelewa wiki moja kunavumilika, lakini miezi miwili ndiyo iliyowaumiza watu wa WannaCry.

Andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia ujue una toleo gani. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza unaofika 13 Oktoba 2026. Ili kujiandikisha ni lazima uwe na toleo la 22H2, na kiungo chake hutokea kwenye ukurasa wa Windows Update. Defender kwenye Windows 10 itaendelea kupata taarifa za virusi hata baada ya hapo, jambo linalowapotosha wengi. Taarifa za virusi hutambua mafaili mabaya. Haziwezi kuziba tundu la mfumo wenyewe. Kama mashine haikidhi masharti ya Windows 11, yaani chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kichakataji kilicho kwenye orodha yao, basi ni afadhali kuiwekea mfumo mwingine wa bure, Linux Mint, kuliko kuendelea na mfumo ulioachwa ukiwa kwenye mtandao.

Kuhusu bando: sasisho la mwezi huwa mamia ya MB, na wakati mwingine hupita GB 1. Taarifa za virusi za kila siku ni ndogo kuliko hapo. Ukiunganisha kompyuta kwa simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi na uuweke mtandao huo kuwa Metered, ili masasisho makubwa yasikumalizie bando mchana. Lakini usiishie hapo. Chagua usiku mmoja katika wiki ile ya Jumanne ya pili, tumia bando la usiku au Wi-Fi ya ofisi, ondoa Metered, bonyeza Check for updates na usubiri hadi mwisho. Kwenye Advanced options fungua Delivery Optimization na uzime upakuaji kutoka kompyuta nyingine za kwenye intaneti, kwa sababu kipengele hicho huweza pia kutumia bando lako kuwapelekea wengine. Laptopu iwe imechomekwa na betri imejaa: umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, unaweza kubaki na Windows isiyowaka.

Kwa kompyuta isiyo na intaneti kabisa, Microsoft wana faili la taarifa za virusi linaloitwa mpam-fe.exe. Lipakue kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, lipeleke kwa flashi safi na ulibofye mara mbili. Halionyeshi dirisha lolote, kwa hiyo thibitisha kwa amri ya Get-MpComputerStatus.

Viraka havihusu Windows tu. Kivinjari hujisasisha pale tu unapokifunga na kukifungua tena, na watu wanaofunga laptopu bila kuizima hukaa na kivinjari cha mwezi uliopita. Kifunge kabisa angalau mara moja kwa wiki.

Akaunti ya kila siku isiwe ya msimamizi

Programu mbaya huendeshwa kwa mamlaka ya aliyeifungua. Mtoto akifungua gemu bovu ndani ya akaunti ya msimamizi, kirusi kinaweza kuzima Defender na kujificha ndani kabisa ya mfumo. Ndani ya akaunti ya kawaida kitaishia kwenye mafaili yake mtoto, na kukisafisha ni rahisi zaidi.

Fungua Settings, kisha Accounts, kisha Other users. Tengeneza akaunti mpya, iite Msimamizi, ipe nywila ndefu na aina ya Administrator. Ingia humo uhakikishe inafanya kazi. Kisha ibadilishe akaunti yako ya zamani iwe Standard User, pamoja na za watoto. Usigeuze mpangilio huu: ukijishusha kabla ya kuijaribu ile mpya, unaweza kujifungia nje. Tangu hapo, kitu chochote kinachotaka kubadilisha mfumo kitaomba nywila ya Msimamizi. Ukiombwa nywila hiyo na wewe hujaanza kusakinisha chochote, jibu ni No.

Mtandao na ruta

Fungua Windows Security na uingie Firewall & network protection. Mitandao yote mitatu, Domain, Private na Public, iwe On. Ukiunganishwa hotelini, chuoni au kwa Wi-Fi ya jirani, chagua Public, ili kompyuta nyingine za hapo zisiione yako. Private ni ya nyumbani tu, na hata nyumbani iache Public kama huna printa ya mtandao wala folda unayoshirikiana na wengine.

Itifaki ya SMB (ya kushirikiana mafaili) toleo la kwanza, iliyopitiwa na WannaCry, mara nyingi haipo kwenye Windows mpya, lakini mashine iliyopandishwa kutoka mfumo wa zamani inaweza kuwa nayo bado. Andika optionalfeatures kwenye kisanduku cha kutafutia, tafuta SMB 1.0/CIFS File Sharing Support, ondoa alama ya tiki, kisha uwashe kompyuta upya. Kinachoweza kukwama ni printa au diski ya mtandao ya miaka mingi sana.

Ruta ni kompyuta pia. Mwaka 2016 mnyoo wa Mirai ulikusanya kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Andika anwani ya ruta kwenye kivinjari, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1 (ipo kwenye kibandiko chini yake), badilisha nywila ya msimamizi, ambayo si ile ya Wi-Fi, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN), zima usimamizi wa kutoka nje, na uangalie kama kuna programu mpya ya ruta.

Flashi

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu kwa familia nyingi hapa ndipo virusi huingilia: stesheneri, shuleni, kanisani au msikitini kwenye kompyuta ya matangazo, na kwa rafiki mwenye filamu.

Minyoo ya flashi ya siku hizi haitumii tena autorun.inf, maana Windows haiitii kwenye flashi. Kwa hiyo ile kinga ya zamani ya kutengeneza folda inayoitwa autorun.inf haisaidii tena. Sasa mnyoo huyaficha mafaili yako na kuweka njia mkato (shortcut) zenye majina yaleyale na picha ya folda. Ukibofya, njia mkato huendesha mnyoo kwanza kisha hukufungulia folda ya kweli, hivyo huhisi kitu. Aina nyingine huhamisha kila kitu kwenye folda iliyofichwa na kuacha njia mkato moja tu yenye jina kama USB Drive.

Kinga ina sehemu tatu. Ya kwanza, fungua File Explorer, nenda View, kisha Show, uweke tiki kwenye File name extensions na Hidden items. Mwezi Mei 2000 ILOVEYOU ulienea kama faili la LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows huficha herufi za mwisho, wengi waliona TXT tu. Hadi leo mipangilio ya kiwandani huzificha.

Ya pili, zima AutoPlay: Settings, kisha Bluetooth & devices, kisha AutoPlay, weka Off.

Ya tatu, zima kiendeshi cha skripti ambacho minyoo mingi ya njia mkato hukitegemea. Kwenye Terminal ya Admin andika mstari huu mmoja:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Baada ya hapo faili la .vbs au .js likibofywa, Windows itakataa na kuonyesha ujumbe kwamba Script Host imezimwa. Ni mtumiaji wa nadra wa nyumbani anayeihitaji. Ikitokea programu ya ofisi ikalalamika, rudia amri ileile ukiandika 1 badala ya 0.

Mwisho, Defender kwa kawaida hairuki faili unalofungua kutoka flashi, lakini kwenye uchunguzi kamili huziacha flashi nje. Iambie izijumuishe:

Set-MpPreference -DisableRemovableDriveScanning $false

Kila flashi ikichomekwa, usibofye chochote. Fungua This PC, bofya flashi kwa kulia na uchague Scan with Microsoft Defender.

Ukikuta flashi imejaa njia mkato, safisha hivi:

1. Kompyuta kwanza. Ikiwa yenyewe imeambukizwa, flashi utakayoisafisha itachafuka tena ndani ya sekunde chache. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda Details, na uangalie kama wscript.exe inaendeshwa, ikiwepo, bonyeza End task na ufanye uchunguzi wa Offline ulioelezwa mbele.

2. Jua herufi ya flashi kwenye This PC. Tuseme ni E. Usikosee hapa: amri inayofuata ukiielekeza kwenye C itafumua sifa za mafaili ya mfumo.

3. Tafuta cmd, ifungue, kisha andika amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

del E:\*.lnk

Ya kwanza huyafichua mafaili, ya pili hufuta njia mkato. Flashi ya GB 32 iliyojaa inaweza kuchukua dakika kadhaa, usiichomoe.

4. Andika dir /a E:\ uone kilichobaki. Folda isiyo na jina mara nyingi ndimo mafaili yako yalimohamishiwa. Mafaili ya .vbs, .js, .wsf, .bat au .exe ambayo hukuyaweka wewe, yafute.

5. Nakili nyaraka na picha tu, uzichunguze kwa Defender, kisha uformati flashi. Tumia FAT32 kwa flashi ya hadi GB 32, na exFAT kwa iliyo kubwa zaidi. Watu hupenda kuiruka hatua hii, na wiki inayofuata njia mkato zimerudi kwa sababu ya faili moja lililosahaulika ndani ya folda.

Kwa kuchapisha stesheneri, usipeleke flashi yenye maisha yako yote. Geuza kazi kuwa PDF na uitume kwa barua pepe au WhatsApp ya duka kutoka kwenye simu yako. Usifungue WhatsApp Web wala barua pepe yako kwenye kompyuta yao. Kama lazima flashi, tenga moja ndogo yenye faili hilo tu, na ukirudi nyumbani iformati kabla ya kuifungua.

Kinachokuja kwa barua pepe na kivinjari

Kiambatisho cha .zip chenye nywila iliyoandikwa kwenye barua hiyohiyo ni cha kushuku, kwa sababu nywila imewekwa kuizuia antivirusi isione ndani. Ankara halisi haiji kama .exe, .iso wala .js. Word ikikuomba uruhusu macro (amri zilizowekwa ndani ya waraka) kwenye waraka ulioupata mtandaoni, funga.

Kuna hila iliyoenea sana tangu 2024, nayo hupita hata kwa watu makini. Ukurasa unakuambia uthibitishe kwamba wewe ni binadamu kwa kubonyeza kitufe cha Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Kitufe ulichobofya mwanzo kilikwisha nakili amri kimyakimya, na hatua hizo tatu ni wewe kuiendesha. Hakuna tovuti halali inayotaka hivyo. Waambie watoto, waambie wazazi: ukiambiwa ubonyeze Windows na R na ukurasa wa intaneti, funga ukurasa.

Tangazo la pembeni linalosema kompyuta yako ina virusi vitano kwa kawaida ni arifa ya tovuti uliyoiruhusu siku moja kwa kubofya Allow. Fungua mipangilio ya kivinjari, tafuta Notifications, na uondoe tovuti usizozijua. Usipige namba yoyote iliyoandikwa humo.

Nakala za akiba

Virusi vya kikombozi hufunga kila diski vinavyoiona, na vingi hufuta pia nakala za kurudisha ambazo Windows hujiwekea. Kwa hiyo nakala inayokusaidia ni ile isiyoguswa na kompyuta saa ile ya shambulio. Nunua diski ya nje, TB 1 inatosha familia nyingi. Mara moja kwa wiki ichomeke, nakili, ichomoe, iweke kabatini.

Tengeneza folda mpya kila mwezi ili nakala mbovu isifute nzuri. Kama diski ni F, andika kwenye cmd:

robocopy "%USERPROFILE%\Documents" "F:\2026-01\Documents" /E /R:1 /W:1

Rudia kwa Pictures na Desktop. Epuka chaguo la /MIR ambalo watu hulipendekeza: linaifanya nakala ifanane kabisa na chanzo, hivyo ulichofuta au kilichoharibiwa kwenye kompyuta hufutwa na kwenye akiba. Kila baada ya miezi mitatu fungua mafaili machache kutoka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine. Picha na vyeti visivyoweza kupatikana tena viwe pia sehemu ya tatu, kama vile Google Drive au OneDrive, lakini ujue kwamba huduma hizi husawazisha: faili likifungwa na kirusi, lililofungwa nalo hupanda juu, na wokovu wako ni historia ya matoleo.

Windows Security ina pia Controlled folder access, chini ya Manage ransomware protection. Iwashe. Inazizuia programu zisizojulikana kuandika kwenye Documents na Pictures. Baadhi ya gemu na programu za kuhariri zitashindwa kuhifadhi kazi. Ziruhusu moja moja kupitia Allow an app.

Ikiwa kirusi kimeshaingia

Dalili: Defender haifunguki, mashine inaunguruma feni wakati hufanyi kitu, tovuti za antivirusi hazifunguki, mafaili yamepata herufi mpya mwishoni.

Kata mtandao kwanza: zima Wi-Fi, chomoa kebo, chomoa diski ya nje na flashi. Kama majina ya mafaili yanabadilika mbele ya macho yako, shikilia kitufe cha kuzimia hadi mashine izime.

Kabla ya uchunguzi, tumia simu kuhakikisha una ufunguo wa BitLocker (kifungio cha diski cha Windows) kwenye akaunti yako ya Microsoft, maana Windows inaweza kuuomba. Kisha Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka tena, itachunguza kabla Windows haijawaka, na kwa kawaida huchukua kama dakika 15. Ubora wake ni kwamba kirusi hakijaamka kujificha. Baadaye fanya Full scan usiku. Kwenye diski ya zamani inayozunguka inaweza kuchukua saa nyingi. Kwa maoni ya pili tumia Microsoft Safety Scanner, na uipakue upya kila mara, kwa sababu huisha muda wake siku 10 baada ya kupakuliwa.

Kinachorudi kila ukiwasha kompyuta kimejiandika mahali fulani pa kuanzia. Autoruns, programu ya bure ya Microsoft Sysinternals, huonyesha sehemu hizo zote. Kwenye Options ficha vya Microsoft, kisha ukague vilivyobaki vinavyoanzia AppData au Temp. Ondoa tiki badala ya kufuta, ili ukikosea uweze kuirudisha.

Nywila zibadilishe kutoka simu au kompyuta nyingine safi, ukianza na barua pepe, kisha benki. Toka kwenye vifaa vyote kupitia mipangilio ya akaunti, kwa kuwa wezi wengi huiba vidakuzi vya kivinjari, na kidakuzi humwingiza mwizi bila kuombwa nywila.

Kwa mafaili yaliyofungwa, usilipe. Yahifadhi yalivyo, pamoja na barua ya madai, na uangalie No More Ransom, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Ina vifaa vya bure vya kufungulia familia nyingi, na vipya huongezwa. Kilichoshindikana leo kinaweza kufunguka mwakani.

Kuna hali ambazo kusafisha hakufai. Sality na Ramnit hujipachika ndani ya mafaili ya .exe, na Ramnit huingia hata kwenye HTML. Antivirusi ikitaja mojawapo, au ikitoa mamia ya mafaili ya programu yaliyoambukizwa, piga Windows upya. Hamisha nyaraka, picha na video pekee; .exe zote ziache, pakua upya. Kisha anzisha mashine kwa flashi ya Media Creation Tool uliyoitengeneza kwenye kompyuta safi, na kwenye ukurasa wa kuchagua diski ufute vigawanyo vyote vya diski ya ndani. Mafundi wengi huformati C na kuiacha D kwa sababu ndimo zilimo filamu na vifurushi vya programu. Kirusi cha .exe kilichobaki D kitarejea siku utakapofungua kisakinishi cha kwanza kutoka humo.